HANA MTU WA KUMPELEKA
Somo: Yohana 5:1-14



Tunawaomba mfungue Biblia zenu kwenye Injili ya Yohana, sura ya 5, mkasome wenyewe habari za birika ya Bethzatha kabla ya kuendelea na maneno yetu haya. Palikuwa na matao matano pale, na chini yake wamelala wagonjwa wengi: vipofu, viwete, na waliopooza. Miongoni mwao alikuwapo mtu aliyekuwa hawezi kwa muda wa miaka 38. Bwana Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala hapana. Alijibu kwamba hana mtu. Maji yakitibuliwa, hana wa kumtia birikani, na kila akijikokota mwenyewe mwingine humtangulia.

Jibu hilo ni la ajabu kidogo, kwa maana watu pale walikuwa tele. Walikuwapo wagonjwa wenzake, walikuwapo waliowaleta jamaa zao, na tena ilikuwa siku za sikukuu, mji umejaa. Hakukosa watu, alikosa mtu. Injili haitutajii umri wake, lakini aliyeugua miaka 38 na bado yu hai, yaelekea ugonjwa ulimshika angali kijana, kama si mtoto. Basi ujana wake wote ulipita chini ya tao, akitazama mgongo wa aliyemtangulia.

Katika toleo hili twataka kusema habari za vijana wetu wenye kansa, au saratani kama watangazaji wa redio wanavyoiita. Huenda mtu akauliza kwa nini tuseme vijana, na ugonjwa huu hauchagui umri. Ni kweli hauchagui. Lakini madaktari wa nchi nyingi wamelitenga kundi la umri wa miaka 15 hadi 39 walitazame peke yake, na sisi tuliofundisha miaka mingi katika vyuo vya ualimu, ambao wanafunzi wetu wote walikuwa wa umri huo, twaona wana sababu.

Mtoto akiugua, mama yake hufunga kitenge akaenda naye wodini, akalala naye kitanda kimoja. Mzee akiugua, ana wana na wakwe, na ukoo hukaa kikao. Kijana je? Kijana ndiye aliyezoea kuwapeleka wengine. Ndiye aliyekuwa akimbeba bibi kwenye baiskeli hadi zahanati, ndiye anayeleta fedha nyumbani. Siku akiugua yeye, aliye na nguvu ya kubeba amelala chini. Wengi wao hata hawapo nyumbani. Ametoka Maswa au Kishapu, amekwenda kutafuta dhahabu Nyarugusu au Rwamgasa, na huko kwenye matundu anajulikana kwa jina la utani tu. Siku anapoanza kukohoa damu au kuvimba paja, wenzake wanamchangia nauli ya kurudi kwao, na hilo ni jema, lakini anapanda gari peke yake. Na dada yetu aliyeolewa Kahama, ambaye ameonekana na uvimbe katika titi, mara nyingine hurudishwa kwa wazazi na furushi lake kama bidhaa iliyoharibika. Wote hao wangeulizwa, wangejibu kama yule wa Bethzatha.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo si tamu. Wakristo wa parishi zetu tunajua sana kuzika. Kengele ya msiba ikilia, daftari hufunguliwa saa ile ile. Mahindi na maharage yanakusanywa, sufuria za Umoja wa Mama zinatolewa stoo, turubai linafungwa, kuni zinapasuliwa, lori linapatikana la kuleta mwili hata kutoka Mwanza. Hakuna anayeuliza fedha zimetoka wapi, kwa maana kila mtu anajua kwamba kesho ni zamu yake. Hatulaumu desturi hiyo. Ni urithi mzuri wa wazee wetu na wa Kanisa. Lakini tuitazame hesabu kama walimu. Gharama ya lori lililomleta marehemu kutoka Mwanza ni nauli za basi za kwenda na kurudi mara nyingi, yeye na mwenzake mmoja. Tulimchangia alipokuwa hana haja tena ya kwenda popote. Alipokuwa hai, akihitaji nauli ya mara ya tatu, tulimwambia tutamwombea.

Ugonjwa wa kijana una mtego mwingine katika nchi yetu ya Usukuma, nao ni lazima tuutaje kwa jina lake. Mzee akifa, watu husema amekula chumvi nyingi. Kijana mwenye afya akianza kukonda, au mguu wake ukivimba juu ya goti na hakuna mahali alipoanguka, watu hawakubali kwamba ni ugonjwa. Lazima aweko mtu aliyemfanya. Familia inamwendea mganga wa ramli, na ramli haikosi kumtaja mtu. Mara nyingi humtaja mama mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Sisi sote twajua macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi ya ng'ombe, kwa kuwa kuni zimekwisha katika nchi, na amepika juu ya moshi ule tangu alipokuwa msichana. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita wamekufa mabibi wengi kwa mapanga usiku kwa sababu ya namna hiyo. Hivyo kansa moja inaua wawili: kijana ambaye miezi yake ya kutibiwa imepotelea kwa mganga, na bibi asiye na hatia. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka 2015; lakini marufuku haifiki chumbani ambamo shangazi na mjomba wanashauriana kwa sauti ya chini. Mkristo anaweza kufika humo. Wanafunzi wa Bwana nao walimwona kipofu wakauliza nani ametenda dhambi hata akawa vile, yeye au wazazi wake, na Bwana akalikataa swali lenyewe (Yohana 9:1-3). Tukifika nyumba ya mgonjwa tukakuta swali hilo limekaa kitini, kazi yetu ya kwanza ni kulitoa nje.

Na wapo wahubiri, tena wengine wenye vipaza sauti vikubwa kuliko makanisa yao, wanaomwambia kijana kwamba akimeza dawa ameonyesha hana imani. Tunawaomba wasome 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua ugonjwa wa kufa, naye ukihesabu miaka yake ya kutawala utaona alikuwa na umri wa miaka 39 tu. Aliomba akilia machozi, Mungu akamsikia, akamwahidi miaka 15 zaidi. Kisha nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uletwe uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vimo katika sura moja, na Isaya hakuona haya kuvishika vyote viwili. Anayemwachisha kijana dawa kwa jina la Mungu anajitwika deni ambalo hatakuwapo kulilipa, kwa maana mkutano wake utakuwa umekwisha hamia wilaya nyingine.

Sasa twataka kukaa kidogo juu ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu hao ndio ambao kansa inawashika wangali vijana kuliko wote, na pia ndio tunaoweza kuwasaidia kwa urahisi kuliko wote. Ngozi yao haina ile rangi ambayo kwetu sisi ni kama mwavuli. Jua la Shinyanga mnalijua. Tangu miti ilipofyekwa zamani kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba, na kwa kuni, kivuli kimekuwa haba. Mtoto mwenye ualbino anayechunga mbuzi bila kofia, au anayewekwa mstarini saa nne za asubuhi uwanjani mwa shule, ngozi yake inaungua kila siku, na kuungua huko hakupotei, kunajilimbikiza. Akifika miaka 20 na kitu hutokea kidonda sikioni, mdomoni, shingoni au kichwani. Kidonda hakiumi sana, kinakauka juu, kinatoka damu kidogo, kinarudi. Kikionwa na mganga wa hospitali wakati ule, hukatwa kwa upasuaji mdogo, na mara nyingi mambo yakaishia hapo. Kikiachwa mwaka mmoja au miwili kwa kupaka majani, kinachimba hadi mfupani. Vijana wengi wa namna hiyo wamekufa kwa kitu ambacho kofia ya ukili ingekizuia.

Lakini tujiulize, kwa nini wanachelewa? Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika kanda hii ya Ziwa, kwa imani ya kishetani kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Watoto walikimbiziwa Buhangija, hapa Shinyanga mjini, wakalelewa shuleni nyuma ya ukuta. Wengine walifichwa ndani ya nyumba. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni vijana na wazazi. Tumwambie mtu wa namna hiyo aondoke kijijini saa kumi usiku, asimame gizani barabarani akisubiri gari, aende Mwanza ambako hamjui mtu? Anaogopa, na woga wake una sababu. Tena macho yake hayaoni mbali. Hasomi kibao cha mlango wa kliniki wala namba ya basi. Kwake yeye mtu wa kumpeleka ni ulinzi, ni macho, na ni ushahidi mbele ya abiria wote kwamba huyu ana wenyewe. Kanisa likishindwa kumpa mwenzake mmoja wa safari, hotuba zetu za kulaani mauaji zitabaki kuwa kelele.

Mambo mengine ni madogo na hayahitaji kamati. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kapelo inayoacha masikio nje. Shati la mikono mirefu. Mafuta ya kuzuia jua: huko Moshi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ngozi hasa ya ndugu hawa, na yameanza kugawiwa kupitia vituo na vikundi vyao; tuulizeni kwa mganga mkuu wa wilaya. Kazi ya kivulini: ukarani, ushonaji, duka, ualimu. Nasi tunawaambia walimu wanaosoma gazeti hili, kama tulivyokuwa tukiwaambia darasani: mweke mbele aone ubao, mpe ruhusa ya kofia, na gwaride lake lifanyike chini ya mti.

Turudi kwenye barabara ya kwenda hospitali, maana hapo ndipo penye kazi yote. Kwa watu wa Shinyanga, Geita na Simiyu, kansa hutibiwa Bugando, ile hospitali ya juu ya kilima mjini Mwanza iliyojengwa na Wakatoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Zamani aliyehitaji tiba ya mionzi ilimlazimu kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliyofanywa kuwa taasisi ya kansa mwaka 1996. Safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Siku hizi mionzi ipo Bugando pia. Na wenzetu wa Geita waliokuwa wakilala Busisi wakisubiri kivuko, mgonjwa ndani ya gari, tangu Juni 2025 wanavuka ziwa kwa daraja la kilomita 3. Njia imekuwa fupi kuliko ilivyokuwa wakati wowote katika maisha yetu, na tunamshukuru Mungu.

Hata hivyo njia fupi inayopitwa mara moja haimponyi mtu. Wengi hawajui kwamba dawa za kansa hazitolewi kama sindano ya malaria. Mgonjwa hutundikiwa dripu, akarudi nyumbani, akaitwa tena baada ya majuma 2 au 3, na hivyo mara 6, mara 8, au zaidi. Mionzi nayo hupigwa kila siku ya kazi kwa majuma kadhaa mfululizo. Sasa hutokea hivi. Baada ya dripu ya pili uvimbe unanywea. Kijana anaanza kula, anacheka, anashika jembe. Nyumbani wanasema Mungu mkubwa, amepona, na mbuzi waliobaki wasiuzwe tena. Tarehe ya dripu ya tatu inapita. Baada ya miezi mitano uvimbe unarudi na ukali mpya, na dawa ile ya kwanza haiuwezi tena. Enyi wakulima wa pamba, mnajua shamba lililopaliliwa mara moja tu. Magugu yanayorudi huwa yameota mizizi. Huyu kijana hakuuawa na uchawi wala na dawa za Kizungu. Aliuawa na tarehe iliyopita pasipo mtu wa kumkumbusha.

Na zipo kansa ambazo hupona kabisa zikitibiwa hadi mwisho. Tuwakumbushe habari moja. Ipo kansa ya taya na tumbo inayowashika zaidi watoto katika nchi zenye malaria nyingi, pamoja na hizi zetu za kando ya Ziwa. Inaitwa kwa jina la Daktari Denis Burkitt, mtu wa Ireland, mpasuaji wa hospitali ya Mulago huko Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, la pili lilipotea utotoni, naye alikuwa Mkristo wa kusali sana. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, na kisha akamwona mwingine, akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma 10, zaidi ya kilomita 16,000, wakipita Tanganyika na kwenda hadi kusini, wakiingia hospitali za serikali na za misheni wakiuliza swali moja: uvimbe huu mmeuona hapa? Ndivyo ilivyojulikana kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua zenye mbu. Kisha ikaonekana kwamba, kinyume cha uvimbe mwingine mwingi, huu unayeyuka kwa dawa. Watoto waliokuwa wakifa katika miezi michache wakaanza kupona, na mtoto anayepona hukua akawa kijana, akatafuta shule, kazi na mchumba. Basi mkisikia mtu anasema kansa ni hukumu ya kifo, mwulizeni ni kansa ipi, na imeonwa lini.

Kwa akina mama na mabinti tunasema kwa ufupi, kwa kuwa Umoja wa Mama wanalifundisha vizuri kuliko sisi. Kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inayowashika wanawake wengi kuliko kansa nyingine katika nchi yetu. Inatokana na kirusi, na huchukua miaka mingi kabla ya kukomaa, kwa hiyo kuna nafasi ya kuiwahi kwa uchunguzi katika kituo cha afya; hakuna kisu, na ni dakika chache tu. Wenye virusi vya UKIMWI wasikose uchunguzi huo, maana wao hushikwa upesi zaidi. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Maneno kwamba chanjo inawafanya mabinti kuwa tasa ni uzushi. Lililo kweli ni kwamba baadhi ya tiba za kansa yenyewe zinaweza kumzuia kijana, mume au mke, asipate watoto baadaye. Kwa hiyo amwulize daktari kabla ya kuanza, na aliyempeleka asitoke nje kwa haya wakati swali hilo linaulizwa.

Na vijana wa machimboni: mavumbi ya mawe yanayosagwa kwenye karasha huingia mapafuni yasitoke, na baada ya miaka huleta ugonjwa wa mapafu, na kansa pia, hasa kwa mvuta sigara. Kulowesha mawe kwa maji kunapunguza vumbi sana. Zebaki nayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Hatuwazuii kutafuta riziki. Ila wenye karasha walio waumini wetu wajue kwamba ndoo ya maji na kitambaa cha pua ni sehemu ya ibada yao.

Sasa, mtu wa kumpeleka afanye nini hasa? Kwanza ajue kunyamaza. Marafiki wa Ayubu walimjia wakaketi naye chini siku 7 usiku na mchana, hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kuu mno (Ayubu 2:11-13). Walifanya vizuri hadi walipofungua midomo. Sisi huingia tukiwa tumekwisha fungua: huyu anasimulia jirani aliyekufa kwa ugonjwa ule ule, yule anasema umekonda, wa tatu anataja mizizi ya Bariadi inayomaliza kila kitu. Kijana anamsikia kila mmoja, na usiku anabaki nao wote kichwani.

Pili, asimfiche. Kuna desturi ya kumwita baba au mjomba pembeni aambiwe ugonjwa, na mwenye mwili wake haambiwi. Twaona desturi hiyo haifai kwa mtu wa miaka 24. Atajua tu, kwa macho ya wageni, na atakapojua hatakuwa na wa kuzungumza naye, kwa sababu wote wameapa kunyamaza. Aambiwe kwa upole, na mtu wake awe karibu.

Tatu, awe na kalamu. Aandike jina la dawa, tarehe ya kurudi, na dalili za hatari kama homa, maana homa kwa aliyetoka kwenye dripu si ya kusubiri asubuhi. Ajue ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iko mlango gani, kwa ajili ya asiye na uwezo, na asione haya kugonga. Asipopata majibu dirisha la kwanza, aende la pili. Tulipata kumsindikiza kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu, kwenye hospitali ambayo hatutaitaja. Faili lake lilikuwa halionekani tangu saa mbili hadi saa nane, na yeye alikuwa tayari kuondoka akilala benchi. Alikuwa na maumivu, hakuwa na nguvu ya kubishana. Sisi tulikuwa nayo, na faili likaonekana. Hiyo ndiyo faida yote ya kuwa na mtu.

Katika Usukuma ya zamani kila kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, ambaye alipopiga mbiu vijana walitoka na majembe wakaenda kulima kwa pamoja. Umoja wa Vijana wa parishi wanaweza kuirudisha kazi hiyo bila kuomba fedha kwa mtu. Kijana yuko Bugando majuma 6, na mvua imenyesha: nani analima shamba lake? Nani anamkamulia mama yake ng'ombe? Na mzee wa kanisa aandike katika daftari, mbele ya jina la kila mgonjwa, jina moja la mtu wake, na la pili la kumpokea wa kwanza akichoka. Lisiandikwe neno "wote". Tumefundisha miaka mingi. Zoezi lililopewa darasa zima halifanywi na mtu. Nao wenzetu wa Mwanza wenye chumba cha ziada tunawaomba wakitaje kwa mchungaji wao, kwa ajili ya wanaopigwa mionzi na kulala stendi.

Wapo ambao hawatapona, na mtu wao atajua hivyo kabla ya wengine. Hapo asiondoke. Maumivu ya kansa yana dawa, mofini ya maji inayonywewa, nayo si dhambi wala haimfanyi anayeumwa kuwa mlevi. Ombeni huduma ya tiba shufaa mapema, msingoje siku ya mwisho. Mpigieni mchungaji alete Ushirika Mtakatifu nyumbani. Mwulizeni kijana mwenyewe anapenda wimbo gani, na nani apatane naye. Kama ana mtoto, ataka kusema nani amlee, mwacheni aseme.

Wanaorudi nao wasisahauliwe. Baada ya yule wa Bethzatha kujitwika godoro lake, Bwana alimkuta tena Hekaluni (mstari wa 14). Alikuwa amekwisha ponywa, na bado Bwana alimtafuta. Binti akirudi kwaya nywele zikiwa hazijaota, asiulizwe kitambaa ni cha nini. Kama hana nguvu ya kusimama ibada nzima, apewe kiti palepale kwenye sauti yake. Mwalimu aliyekuwa na kazi apewe vipindi vya asubuhi. Kijana aliyekatwa mguu apewe kazi ya kukaa, mshahara ule ule. Na kadi ya kliniki yake ina tarehe ya kurudi, baada ya miezi 3 au 6, hata kama anajisikia mzima. Aliyempeleka mara ya kwanza aiandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani mwake, na alfajiri ya siku hiyo amkute stendi.